Kufanyia kazi mtandaoni ukiwa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mhitimu wa SAUT au CUHAS anayetaka kubaki mjini baada ya chuo, kwa mfanyakazi wa Dar aliyeruhusiwa kufanyia kazi mbali na ofisi, na kwa yeyote anayeandika programu, kutafsiri, kuhariri video au kuhudumia wateja wa nje akiwa kando ya Ziwa Victoria. Majibu mengi yanarudi kwenye nyumba utakayopanga, kwa sababu Mwanza tofauti ya nyumba na nyumba ni kubwa kuliko tofauti ya mtaa na mtaa.

Intaneti ya Mwanza inatosha kwa kazi ya kutwa nzima?

Inatosha. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unafika, kampuni za simu zote kubwa zipo, na faiba, yaani intaneti ya waya, imeingia mitaa mingi. Tatizo ni mawe. Jiji limekaa juu ya miamba ya matale, na nyumba za Isamilo, Bugando, Igogo na Mabatini zimebanwa katikati ya mawe makubwa kuliko zenyewe. Jiwe la namna hiyo likiwa kati yako na mnara, simu inashika 4G barazani, ukiingia chumbani inashuka hadi 3G au inapotea kabisa. Nyumba ya jirani, hatua ishirini tu, inaweza kuwa haina shida hiyo.

Kuhusu faiba, usimuulize wakala anayeiuza. Muulize jirani aliyenayo: ikikatika, mafundi huja baada ya muda gani? Na angalia kama waya umeshafika kwenye nguzo ya mtaa wako. "Tutaleta mwezi ujao" si mtandao.

Nipime vipi kabla ya kulipa kodi ya nyumba?

Nenda na laini mbili za kampuni tofauti, zote zikiwa na bando. Ingia chumba utakachofanyia kazi, funga mlango na madirisha, keti pale meza itakapokaa. Pima kasi mara tatu kwa kila laini. Watu wengi huangalia kasi ya kupakua tu, wakati kinachoharibu mkutano wa video ni kasi ya kupakia. Ikiwa chini ya Mbps 3 (megabiti kwa sekunde), sauti yako inaweza kukatika ukiwasha kamera. Angalia pia ucheleweshaji: ukipita milisekunde 300, mtaanza kuongea kwa kupishana.

Kisha rudi usiku, kati ya saa 2 na saa 4. Hapo ndipo watu wote wako mtandaoni, hasa Malimbe na Nyegezi penye hosteli za wanafunzi. Laini inayotoa Mbps 20 saa 4 asubuhi inaweza kutoa 2 muda huo. Kama wateja wako wako Marekani, kipimo cha usiku ndicho kipimo chako. Cha asubuhi hakikuhusu. Na kama umekuja kutafuta nyumba kati ya Julai na Septemba, kumbuka chuo kiko likizo. Subiri Novemba uone.

Nitahitaji GB ngapi kwa mwezi?

Mkutano wa video hula GB 1 hadi 1.5 kwa saa. Mikutano ya saa mbili kwa siku, siku 22 za kazi, ni GB 44 hadi 66 kabla hujafungua kitu kingine chochote. Kwa kazi ya maandishi na mikutano michache, GB 30 zinatosha. Kwa anayetuma video, bando la simu halitoshi. Hapo faiba ni lazima.

Bando nyingi huisha bila mwenyewe kujua kwa sababu laptopu ikiunganishwa na simu hudhani iko kwenye Wi-Fi ya bure, ikaanza kupakua masasisho na kupandisha picha zote. Ingia kwenye mipangilio uweke alama kwamba muunganisho huo ni wa kulipia kwa kipimo.

Intaneti ikizorota nchi nzima nifanye nini?

Hutokea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa pia. Katika hali kama hizo kuwa na laini tatu hakusaidii kitu.

Kinachosaidia hufanywa mapema. Hifadhi mafaili ya kazi inayoendelea ndani ya laptopu, si kwenye hifadhi ya mtandaoni pekee. Mpe mteja namba ya simu ya kawaida, nawe uwe na yake, pamoja na salio la kupiga nje. Kwenye mkataba weka kifungu kinachosema kukatika kwa mtandao wa nchi si uzembe wako, na kwamba tarehe ya kukabidhi itasogezwa kwa siku zilizopotea. Ukiomba kifungu hicho siku ya kusaini, mteja atakielewa. Ukikiomba mtandao ukiwa umeshazimwa, atakiona kisingizio.

Kampuni yangu inatumia VPN. Kuna tatizo?

Mnamo Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN (njia ya siri ya kupitisha mawasiliano mtandaoni) kuzisajili, pamoja na kutaja anwani za IP zinazotumika. Kama mwajiri anakulazimisha kuingia kwa VPN, mwombe kitengo chake cha tehama akupe taarifa hizo kwa maandishi, kisha fuata utaratibu wa usajili wa TCRA. Usiache hadi siku utakapoulizwa.

Umeme ukikatika, nitaendeleaje?

Anza na hesabu ya mzigo wako. Laptopu ikiwa kazini hula wastani wa wati 45, skrini ya pembeni 25, ruta pamoja na kile kiboksi cha faiba 10. Jumla wati 80.

Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200 (wati zidisha saa), lakini usiitumie zaidi ya nusu. Ukiimaliza mara kwa mara inakufa ndani ya mwaka. Nusu ni Wh 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo hupoteza kama asilimia 15, unabaki na Wh 510, yaani saa sita na kidogo kwa mzigo wa wati 80. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule unaweza kuitumia hadi asilimia 90, nayo itakupa karibu saa 12. Bei yake ya kununua inauma, ila kwa mtu anayefanya kazi kila siku ndiyo nafuu, maana ile ya asidi utaibadilisha mara kadhaa.

Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la mraba. Chaja inapata moto, inalia, na padi ya kugusa inaanza kurukaruka.

Kama bajeti ni ndogo, nunua kwanza UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta ya volti 12. Yenye mAh 8,800 huendesha ruta ya wati 9 kwa takribani saa tatu, na laptopu ina betri yake. Hapa kuna kosa la kawaida sana: mtu anaweka UPS kwenye ruta, anasahau kiboksi cha faiba kilichobandikwa ukutani. Umeme ukikatika ruta inawaka taa zote, Wi-Fi inaonekana, intaneti hakuna. Vyote viwili viunganishwe, na kabla ya kununua angalia volti na ampea zilizoandikwa chini ya kila kimoja.

Kumbuka pia kwamba minara ya simu ina betri zake. Umeme ukikosekana eneo zima kwa saa nyingi, mnara mmoja unaweza kuzima huku wa kampuni nyingine ukiendelea. Ndiyo maana laini mbili.

LUKU itanigharimu kiasi gani?

Kazi yenyewe haili umeme mwingi. Wati 80 kwa saa 10, siku 26, ni uniti 21 hivi kwa mwezi. Kwenye kundi la bei la T1, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 7,400 ukijumlisha zote. Nyumba zenye matumizi yasiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi huwekwa D1, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo.

Shida iko kwenye mita ya pamoja. Wapangaji wanne kwenye LUKU moja huivusha ile 75 kirahisi, mita inahamia T1, na ugomvi unaanza: mwenye pasi anamlaumu mwenye friji, wote wanamlaumu anayeshinda ndani na laptopu. Tafuta nyumba yenye mita yake. Ikishindikana, fundi akufungie mita ndogo ya chumba chako, na makubaliano yaandikwe. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo uniti za ununuzi wa kwanza wa mwezi zikipungua usidhani umeibiwa. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mkubaliane namna ya kukurudishia.

Nikigusa laptopu nasikia inanitekenya mkononi. Ni nini?

Mara nyingi ni ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haifanyi kazi. Mwanza hili ni la kawaida kuliko miji ya udongo, kwa sababu nondo ya ethi inatakiwa kuzama ardhini, na fundi akikutana na mwamba baada ya futi mbili huikata na kufukia iliyobaki. Mwamba haupitishi umeme vizuri, na udongo wa juu hukauka Juni hadi Septemba. Dalili ni mtekenyo kwenye mwili wa chuma wa laptopu ukiwa umeichomeka, unaopotea ukichomoa chaja.

Mwite fundi mwenye leseni apime ukinzani wa ethi kwa kipimo chake, si kwa kuwasha taa ya majaribio. Tiba huwa ni kutafuta mahali penye udongo wa kina, hata kama ni mbali kidogo na nyumba, au kuzika nondo kadhaa zilizounganishwa. Usikubali nyumba ipite mvua za vuli bila kurekebishwa. Kanda ya ziwa ina radi nyingi. Ukisikia ngurumo, chomoa chaja na chomoa waya wa ruta pia.

Nikae mtaa gani?

Inategemea saa zako za kazi na mfuko wako.

Capri Point ni tulivu, iko karibu na mjini, ni ghali. Nyumba zinazoelekea magharibi zina ziwa mbele, na kuanzia saa 8 mchana jua linakuja mara mbili: kutoka angani na kutoka majini. Meza ikiwa pale dirishani hutaona skrini hadi saa 12:45 jioni. Chagua chumba cha upande wa pili na ziwa uliangalie ukimaliza kazi.

Isamilo na Bugando ni mlimani, hewa nzuri, mawe mengi. Pima mtandao chumba kwa chumba na uliza habari za maji. Nyegezi, Malimbe na Mkolani ni upande wa SAUT: vyumba vingi vya bei ya kati, vyakula hadi usiku, makelele wakati chuo kimefungua. Barabara ya Kenyatta kuelekea huko hujaa Igogo na Mkuyuni asubuhi na jioni, lakini kama huendi ofisini hilo si lako. Pasiansi, Kirumba na Kitangiri ziko njia ya uwanja wa ndege, sokoni hapako mbali. Buswelu, Nyasaka na Kiseke zina nyumba mpya zenye uzio na nafasi. Hapo kodi inakupa vyumba viwili kwa bei ya kimoja cha mjini, na kwa anayefanya mikutano ya usiku, chumba cha pili chenye mlango kina thamani kuliko kuwa karibu na mjini.

Kabla ya kuamua, tembea mtaa Ijumaa usiku na Jumapili asubuhi. Baa na spika za nje hazionekani saa 5 asubuhi ya Jumanne, muda ambao dalali hupenda kukupeleka.

Dalali na mwenye nyumba: nijihadhari na nini?

Dalali kwa kawaida huchukua sawa na kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai hela ya kukuonyesha nyumba. Usilipe kodi kwa dalali. Mlipe mwenye nyumba, kwa benki au simu ili ushahidi ubaki, baada ya kumwona na kuthibitisha kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba nyumba ni yake. Wengi hutaka kodi ya miezi sita. Mpangaji mpya akiomba mitatu ya kwanza kwa heshima, mara nyingi hukubaliwa.

Ukiambiwa ulipe kwa dola, kataa. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Ukishahamia, nenda ukajitambulishe serikali ya mtaa. Barua ya utambulisho utaihitaji benki, NIDA na kwingineko. Na kijana anayeshinda ndani, anaongea Kiingereza saa 6 usiku, huzua maneno. Mjumbe akijua kazi yako, maneno yanaisha.

Maji je?

MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, husambaza. Nyumba za mlimani hupata maji kwa mgawo kwa sababu presha huishia njiani. Simtanki la lita 1,000 huwatosha watu wawili siku nane, kwa lita 60 kila mtu kwa siku. Liwekwe juu, lifunikwe, na uliosheshe kila baada ya miezi michache.

Saa za kazi na wateja wa nje zinakaaje?

Tanzania haibadilishi saa, Marekani na Uingereza hubadilisha. New York ikiwa saa 3 asubuhi, hapa ni saa 11 jioni wakati wa baridi yao na saa 10 alasiri wakati wa kiangazi chao. San Francisco saa 3 asubuhi ni saa 2 usiku au saa 1 usiku kwetu. London iko nyuma yetu kwa saa tatu au mbili. India iko mbele kwa saa mbili na nusu.

Wiki za hatari ni za Machi na mwishoni mwa Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi. Wiki hizo katikati watu hukosa mikutano. Weka kalenda kwenye ukanda wa saa wa Afrika Mashariki na umwache mteja atume mwaliko kwa saa zake. Ukipanga kwa mdomo na mwenzako wa hapa, andika pia 15:00 au 21:00, kwa sababu "saa 3" peke yake imeshakosesha watu kazi.

Nipokee vipi malipo kutoka nje?

Uhamisho wa benki hadi benki bado ndio wa uhakika kwa kiasi kikubwa. Mpe mteja jina kamili kama lilivyo kwenye akaunti, namba ya akaunti, tawi, na msimbo wa SWIFT, herufi zinazoitambulisha benki kimataifa: CRDB ni CORUTZTZ, NMB ni NMIBTZTZ. Fomu za Ulaya hudai IBAN (namba ya akaunti ya mtindo wao), Tanzania haina. Mwambie mteja achague malipo ya kwenda nje ya Ulaya, fomu itabadilika. Benki za katikati hukata ada njiani, hivyo andikeni kwenye mkataba nani anaibeba. Kwa malipo madogo madogo ni bora kuyakusanya, yatumwe mara moja kwa mwezi.

Payoneer, huduma ya malipo ya mtandaoni, hutumiwa sana na wanaopata kazi kupitia majukwaa ya mtandaoni. PayPal usiitegemee: akaunti za Tanzania zimekuwa za kutuma, si za kupokea. Fungua akaunti ya dola pamoja na ya shilingi ili uamue mwenyewe siku ya kubadilisha.

TRA wananihusu kama mteja yuko nje?

Ndiyo. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa kipato chake popote kilikotoka. Ukiajiriwa na kampuni ya hapa, PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ni kazi yake. Ukijitegemea, chukua TIN (namba ya mlipakodi), peleka makadirio, lipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka hufungwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha.

Kiasi cha hadi shilingi 3,240,000 kwa mwaka hakitozwi. Kinachozidi shilingi 12,000,000 hutozwa asilimia 30, juu ya shilingi 1,536,000. Aliyebaki na shilingi 18,000,000 baada ya gharama atalipa 1,536,000 na 1,800,000, jumla 3,336,000. Gharama za kazi hupunguza kodi zikiwa na risiti: bando, laptopu, inveta. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) kila mara. Ukikaa miaka mitatu bila kutangaza kipato, siku unaomba mkopo wa nyumba benki itaangalia miamala ya dola na kuuliza, nawe utalipa pamoja na riba na faini.

Mimi si Mtanzania. Visa ya utalii inatosha?

Visa ya utalii si kibali cha kazi. Onana na Idara ya Uhamiaji kabla ya kupanga nyumba, si baada.

Naweza kuoga ziwani baada ya kazi?

Fukwe zina kichocho. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani na huingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache, bila jeraha. Hata kusimama hadi magotini kunatosha. Ukishagusa maji hayo, kapime choo baada ya wiki sita hadi nane. Mapema zaidi mayai hayaonekani. Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kilo. Inatibu, haikingi, ukirudi majini unapata tena. Malaria nayo ipo mwaka mzima: lala ndani ya chandarua, na homa yoyote kapime siku hiyohiyo.

Halafu kuna vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka majini kama moshi mweusi. Haviumi, ila hufuata mwanga, na skrini ndiyo taa ya kwanza kuifuata. Vinaingia kwenye feni ya laptopu, vinashikana na vumbi, mashine inapata moto. Weka nyavu madirishani, zima taa ya nje ukiwa kazini usiku, na fundi aisafishe feni angalau mara mbili kwa mwaka.

Nikichoka nyumbani, nifanyie kazi wapi?

Maktaba ya mkoa kwa kazi za kimya, migahawa ya Rock City Mall au hoteli za ufukweni kwa saa chache. Beba bando lako. Wi-Fi ya mgahawa hugawanywa na kila meza. Mikutano yenye siri za mteja ifanyie nyumbani. Ukipata mapumziko ya mchana mmoja, boti ya Saanane huondoka pale pale mjini na kisiwa ni hifadhi ya taifa. Kwa safari ndefu kuelekea Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kwa hiyo foleni ya kivuko usiipangie tena muda kwenye ratiba yako.